Bunge Likinyamaza, Jeshi Linabaki au Linarudi?

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wabunge mliofika, mawakili, wanahabari na wanafunzi wa sheria,

Nimeombwa nizungumzie mgawanyo wa madaraka ya vita kati ya Bunge na Rais. Mada hii huzoeleka kuanza na swali la nani ana haki ya kutangaza vita. Nitaanza na jingine: Bunge lisiposema lolote, au likisema hapana, kinatokea nini? Jeshi linarudi au linaendelea? Isomeni katiba yoyote kwa swali hilo na mtajua haraka madaraka yako mikononi mwa nani, hata kama maneno yake mengine yamepambwa vipi.

Tuchukue Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Ibara ya 44 inampa Rais uwezo wa kutangaza kuwapo kwa hali ya vita kati ya Jamhuri ya Muungano na nchi yoyote. Akishatangaza, anapeleka nakala kwa Spika. Spika anashauriana na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, yaani Waziri Mkuu, kisha ndani ya siku 14 tangu tarehe ya tangazo anaitisha mkutano wa Bunge ili wabunge wafikirie kupitisha au kutopitisha azimio la kuunga mkono. Basi. Ibara haisemi kwamba azimio likikataliwa tangazo linakufa. Haisemi itakuwaje siku ya 15 ikifika na Bunge halijaketi. Wala haiweki kiwango maalumu cha kura.

Sasa rudini nyuma kidogo hadi Ibara ya 32, inayohusu hali ya hatari. Utaratibu unafanana: tangazo, nakala kwa Spika, siku 14. Lakini hapa azimio la Bunge linahitaji theluthi mbili, na ibara hiyo inataja waziwazi jinsi tangazo linavyokoma: Rais akilifuta, siku 14 zikipita bila azimio, miezi 6 ikipita bila Bunge kuongeza muda, au Bunge likilibatilisha kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Kwenye hali ya hatari ukimya wa Bunge unalizima tangazo. Kwenye vita ukimya haugusi kitu. Kuna nafuu moja: vita vyenyewe ni miongoni mwa sababu za kutangaza hali ya hatari, kwa hiyo Rais anayepigana na anayetaka pia mamlaka ya ziada dhidi ya raia wake atalazimika kupita kwenye mlango wenye saa. Asipoyataka, saa haimhusu.

Majirani wamechora mstari huu mahali tofauti. Uganda, Ibara ya 124 ya Katiba ya 1995: Rais anatangaza vita kwa idhini ya Bunge iliyoungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Kama haiwezekani kuipata kabla, anatangaza kwanza na kuomba idhini ndani ya saa 72. Bunge likiwa likizo, Spika analiita liketi ndani ya saa hizo hizo 72. Rwanda, Rais anatangaza na kulijulisha Bunge ndani ya siku 7. Kongo, Ibara za 86 na 143 za Katiba ya 2006 zinataka uamuzi wa Baraza la Mawaziri, ushauri wa Baraza Kuu la Ulinzi na idhini ya Bunge la Taifa pamoja na Seneti kabla Rais hajatangaza. Kenya, Ibara ya 132(4)(e): Rais anatangaza vita kwa idhini ya Bunge, na idhini inatangulia.

Nimetaja saa 72 za Uganda kwa makusudi, kwa sababu kila tunapojadili jambo hili huzuka hoja kwamba adui hasubiri akidi itimie. Ni kweli, hasubiri. Ndiyo maana hakuna mwandishi makini wa katiba anayemzuia Amiri Jeshi Mkuu kujibu shambulio usiku ule ule. Kinachobishaniwa ni siku ya nne, wiki ya sita na mwaka wa pili.

Vita vya Kagera vinalionyesha hili vizuri. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni la Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alihutubia taifa kuhusu uwezo, sababu na nia. Kuwatimua wavamizi lilikuwa jambo moja. Kuvuka mpaka mwanzoni mwa 1979 na kuendelea hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili, lilikuwa jambo la pili, lenye lengo, gharama na muda wake. Zama zile za chama kimoja hakuna aliyetarajia Bunge limzuie Rais. Lakini hata leo, ukiishika Ibara ya 44 mkononi, hutapata neno linalotenganisha uamuzi wa kwanza na wa pili. Tangazo likishatoka limetoka.

Na tuseme ukweli: matangazo yenyewe karibu yamekwisha duniani. Marekani imetangaza vita rasmi katika vita vitano tu, vya 1812, 1846, 1898, 1917 na 1941 na kuendelea, lakini orodha ya mahali ilikopigana tangu hapo ni ndefu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 ulikataza matumizi ya nguvu kati ya nchi na kubakiza kujilinda, Ibara ya 51, na idhini ya Baraza la Usalama. Tangu hapo serikali hazipigani vita. Zinafanya operesheni, zinalinda amani, zinasaidia jirani. Halafu adui mwenyewe amebadilika. Tanzania na Uganda zinazungumzia vita dhidi ya nchi. Al-Shabaab si nchi. M23 si nchi. Kundi lenye silaha haliingii kwenye ibara hizo kabisa.

Kwa hiyo askari wanaondoka kwa mlango mwingine. Tanzania mlango huo ni Ibara ya 148, inayompa Amiri Jeshi Mkuu madaraka ya kuamuru majeshi yafanye shughuli za ulinzi, kuokoa maisha na mali, na jambo lolote jingine atakaloona linahitajika, ndani ya nchi au nje. Hakuna Spika humo, hakuna siku 14. Ndiyo njia ya kikatiba iliyo wazi kwa safari kama ya Anjouan, Komoro, Machi 2008, na ya Brigedi ya Kuingilia Kati nchini Kongo, iliyoundwa na azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Misheni ya pili haikuwa ya kukaa kwenye kizuizi cha barabarani na kuhesabu magari. Azimio liliipa kazi ya kushambulia. Desemba 2017 askari wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa kwa shambulio la siku moja tu huko Kivu Kaskazini. Ukiuliza ni kifungu gani cha katiba kililitaka Bunge lipige kura kabla ya kuwapeleka watu kwenye misheni ya namna hiyo, jibu ni hakuna. Lakini ibara hiyo hiyo ya 148 inasema madaraka hayo hayaathiri sheria iliyotungwa na Bunge. Mlango wa kutunga sheria ya kupeleka majeshi nje uko wazi, na hauhitaji kubadili Katiba. Nashangaa jinsi jambo hili linavyozungumzwa kwa nadra.

Kenya imejaribu kuufunga mlango huo kwa Katiba ya 2010. Ibara ya 240(8) inasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka vikosi nje kwa idhini ya Bunge. Ibara ya 241(3) inahusu jeshi ndani ya nchi, na hapa wanafunzi wa sheria wafungue macho: aya ya (b) inaliruhusu jeshi kusaidia wakati wa dharura au maafa na kisha kutoa ripoti kwa Bunge la Taifa, aya ya (c) inaliruhusu kurejesha amani penye machafuko, ila kwa idhini ya Bunge hilo tu. Ripoti na idhini ni vitu viwili. Waziri atachagua aya ipi? Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, tangazo la serikali la tarehe 25 lilizungumzia dharura ya usalama, lugha inayoelekea aya ya (b). Siku iliyofuata Bunge la Taifa lilipitisha idhini. Shauri likafika Mahakama Kuu, nayo haikulirudisha jeshi kambini, ila iliitaka serikali ieleze ndani ya siku mbili mawanda ya kazi hiyo na muda wake. Yaani mahakama ndiyo iliyolazimika kudai mambo ambayo wabunge wangeyadai kabla ya kupiga kura.

Operesheni Linda Nchi ni somo la aina nyingine. Oktoba 2011 KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, liliingia Somalia, na Kenya ikaliandikia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Katiba mpya ilikuwa na umri wa mwaka na miezi michache, na Jedwali la Sita lilikuwa limeahirisha sehemu kubwa ya ibara za Bunge na urais hadi baada ya uchaguzi wa kwanza. Desemba Bunge liliidhinisha askari hao wajiunge na AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika nchini Somalia. Uganda nayo ilipeleka askari Sudan Kusini Desemba 2013. Bunge likaidhinisha Januari 2014. Katika visa vyote viwili kura ilikuja askari wakiwa tayari uwanjani. Mbunge anayeulizwa wakati huo haulizwi kama twende. Anaulizwa kama yuko tayari kuonekana anawaacha vijana wetu peke yao. Jibu mnalijua.

Kisa cha Haiti kinaonyesha kwamba maneno ya katiba yakiwa mahususi yana meno. Novemba 2023 Bunge la Kenya liliidhinisha kupelekwa kwa polisi 1,000. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kupeleka polisi nje, kwa kuwa vikosi vinavyotajwa kwenye Ibara ya 240(8) ni vya jeshi. Polisi wanaenda kwa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, inayodai makubaliano kati ya nchi mbili. Serikali ilisaini makubaliano na Haiti tarehe 1 Machi, na kundi la kwanza la takriban 400 likaondoka Juni. Wengine walisema mahakama imebishana na kivuli, kwa sababu mwishowe polisi walikwenda. Siafiki. Hatua iliyorukwa ilibidi ifuatwe, na hati ikasainiwa.

Lakini hata Kenya ina tundu kubwa, nalo ni la hesabu. Akidi ya Bunge la Taifa ni wabunge 50, na jambo lisilowekewa kiwango maalumu huamuliwa kwa wingi wa waliopo na kupiga kura. Bunge hilo lina wabunge 349 bila Spika. Kwa hiyo, kwa karatasi, wabunge 26 wanatosha kulivusha jambo la vita upande wao. Kuongeza muda wa hali ya hatari kwa mara ya kwanza, chini ya Ibara ya 58, kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na mara zinazofuata robo tatu. Ni vigumu zaidi kurefusha amri ya kutotoka nje kuliko kupeleka vifaru ng'ambo ya mpaka. Ongezeni na hili: Ibara ya 95(6) inasema Bunge la Taifa ndilo linaloidhinisha tangazo la vita, ilhali ya 132 inasema Bunge, neno ambalo kwa katiba hiyo linajumuisha Seneti. Msisubiri siku ya vita ndipo mwombe tafsiri.

Sasa Marekani, kwa sababu ndiko swali langu la ukimya lilikojaribiwa hadi likavunjika. Novemba 1973 Bunge la huko lilipitisha Azimio la Madaraka ya Vita licha ya turufu ya Rais Nixon, yaani uwezo wake wa kuukataa uamuzi wa Bunge. Rais akiingiza majeshi kwenye mapambano anatoa ripoti ndani ya saa 48. Siku 60 zikipita bila idhini anayaondoa, akiwa na siku 30 zaidi ikibidi kwa usalama wao. Kwa maandishi, ukimya unarudisha jeshi. Hakuna ubunifu bora kuliko huo.

Uliharibikia wapi? Kwanza, saa inaanza kuhesabu kutokana na ripoti ya aina moja mahususi, na marais huandika ripoti zinazoepuka kukitaja kifungu hicho. Ni ile ya meli Mayaguez ya 1975 pekee iliyokitaja. Pili, sheria haikufafanua mapambano ni nini. Libya, 2011, mashambulizi yalianza tarehe 19 Machi, siku 60 zikaisha Mei, na serikali ya Obama ikadai kwamba kurusha mabomu bila askari wa miguu na bila wao kupigwa si mapambano kwa maana ya sheria. Tatu, mwaka 1983, katika kesi ya Chadha, Mahakama ya Juu ilisema Bunge haliwezi kubatilisha tendo la serikali kwa azimio lisilopelekwa kwa Rais kusainiwa. Tangu hapo kumsimamisha Rais kunahitaji azimio ambalo yeye mwenyewe anaweza kulipigia turufu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Yemen 2019 na Iran 2020, na theluthi mbili za kuipindua turufu hazikupatikana. Kipimo kimegeuka: zamani Rais alihitaji wengi ili apigane, siku hizi Bunge linahitaji theluthi mbili ili asipigane.

Kuna kosa jingine la huko ambalo sisi tunaliiga bila kujua, nalo ni idhini isiyo na mwisho. Idhini ya Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya tarehe 11, ina sentensi ya maneno 60. Haitaji nchi, haitaji muda, haitaji ukomo. Katika Baraza la Wawakilishi ilipita kwa kura 420 kwa 1, na imetumika kuhalalisha operesheni katika nchi ambazo wengi wa wapiga kura wale hawakuziwazia, kwa zaidi ya miaka 20. Ni kama kumkabidhi fundi hundi iliyosainiwa bila kiasi.

Dawa yake iko Ujerumani. Mahakama yao ya Katiba iliamua Julai 1994 kwamba jeshi linahitaji ridhaa ya Bunge, na sheria ya 2005 ikaeleza ombi la serikali liwe na nini: kazi yenyewe, eneo, msingi wa kisheria, idadi ya juu ya askari, uwezo na zana zao, muda, gharama na zinakotoka. Bunge linakubali au linakataa lote. Halihariri, ili lisiwe linaendesha vita kwa kamati. Kwenye dharura serikali inatangulia na kuomba baadaye, ila ombi likikataliwa operesheni inakoma. Misheni ndogo ina njia fupi: wabunge wakijulishwa na asipatikane wa kudai mjadala ndani ya siku 7, inahesabika imekubaliwa. Angalieni jinsi walivyougawa ukimya: kwa jambo dogo ukimya ni ndiyo, kwa jambo kubwa ni hapana. Na Bunge lina haki ya kuwaita askari warudi wakati wowote.

Mtaniuliza: kwani Bunge halina mfuko? Linao, lakini mfuko unavuja. Kenya, Ibara ya 223 inairuhusu serikali kutumia fedha ambazo hazikutengwa, hadi asilimia 10 ya zilizoidhinishwa mwaka huo, na kuomba idhini ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza kutolewa. Miezi miwili inatosha kuanzisha vita visivyorudishika. Kubwa zaidi, misheni nyingi za ukanda wetu hazilipwi na hazina yetu peke yake. Umoja wa Mataifa huzirudishia serikali kiwango kwa kila askari, ambacho kuanzia Julai 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi. Posho za AMISOM zilitoka Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 Umoja huo ulipopunguza mchango wake kwa asilimia 20, serikali zilizopeleka askari zililalamika na kutishia kuondoka. Uamuzi wa Brussels ulibana operesheni kuliko kura yoyote ya bajeti Nairobi au Kampala. Fedha zikitoka nje, wabunge wadai mkataba wa malipo uwekwe mezani pamoja na ombi.

Na kuna bili inayochelewa. Majeshi ya Uganda yaliingia Kongo 1998. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua dhidi ya Uganda Desemba 2005, na Februari 2022 ikakadiria fidia: dola milioni 325, kulipwa kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Mwanasheria wa Bunge anayeandika maoni juu ya ombi la kupeleka jeshi aweke kifungu cha dhima hii, maana hakuna waziri atakayekiweka kwa hiari.

Kuhusu taarifa, nitakuwa mfupi. Baada ya shambulio la El Adde, Januari 2016, miaka ilipita bila serikali ya Kenya kutangaza idadi rasmi ya askari waliokufa. Sababu za kiusalama zinaeleweka kwa wiki kadhaa. Lakini Bunge linaloombwa kurefusha misheni bila kujua idadi ya waliokufa, waliojeruhiwa na zana zilizopotea linapiga kura gizani. Kikao cha faragha cha kamati kinatosha, mradi ripoti iwe ya maandishi, ya kila miezi mitatu, na yenye vichwa vilivyokubaliwa tangu siku ya idhini.

Sasa pendekezo kwa Tanzania. Ibara ya 44 inahitaji aya moja ya nyongeza, na maneno yake yapo tayari kwenye Ibara ya 32: tangazo litakoma siku 14 zikipita bila azimio, au azimio likikataliwa. Kupeleka majeshi nje kutungiwe sheria chini ya Ibara ya 148, yenye orodha kama ya Wajerumani na ukomo wa miezi 12. Utetezi wa papo kwa papo wa mipaka usiguswe.

Kipo kigingi kimoja ambacho sijaona kikitatuliwa vizuri. Bunge likiwa limevunjwa kwa ajili ya uchaguzi, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kuliita lile lililovunjwa iwapo yeye ataona kuna dharura inayolazimu. Yeye. Spika wa Ibara ya 44 hana uwezo huo. Na Ibara ya 42 inasema Jamhuri ikiwa vitani na Rais akiona uchaguzi hauwezekani, Bunge laweza kurefusha muda wake wa urais, miezi 6 kila mara, bila kutaja ni mara ngapi. Kenya, kwa muda wa Bunge lao, waliweka theluthi mbili katika kila nyumba ya Bunge na jumla isiyozidi miezi 12. Unganisheni ibara hizi tatu, 42, 44 na 90, muone vita vilivyotangazwa mwezi mmoja kabla ya uchaguzi vingepitaje mikononi mwa Rais, Spika na Bunge.

Nakala za ibara zote nilizozitaja ziko pale mezani kwa katibu. Nakaribisha maswali.